Daftari la Meneja

“…na laki tatu na ishirini si hela ya kuokota njiani, mwalimu, risiti hii hapa, ina muhuri, ina tarehe, mimi sipendi konakona, aliyeharibu alipe, ingekuwa mwanangu ndiye kaharibu cha mtu ningekuwa nimeshalipa jana,” alisema Fundi Baridi, akaisukuma risiti mezani kwa kidole kimoja, na papo hapo akasikia sauti yake imepanda tena, imegonga dari ikarudi, maana chumba chenyewe kidogo, zamani kilikuwa stoo ya madawati, sasa wamekipaka rangi ya maziwa wakakiita ofisi ya ushauri, viti vitano, meza, kabati, saa ya ukutani, na friji ndogo pembeni ambayo kompresa yake inawaka inazima, inawaka inazima, haimalizi dakika, thamostati imekwisha hiyo, au wameibana ukutani haipumui, halafu ataitwa tapeli mmoja aseme gesi imeisha, ajaze, alipwe, aondoke… lakini hakuja kwa ajili ya friji, amekuja kwa ajili ya simu, simu mpya aliyomnunulia mwanawe kwa jasho lake, na binti wa watu akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kudekia, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. “Mzee, tupunguze sauti kidogo, madarasa yako jirani,” alisema mwalimu wa ushauri, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, naye akajibu kuwa hii ndiyo sauti aliyonayo, hakuikopa kwa mtu, na wateja wote wanaijua. Ndiyo maana wanamwita Baridi, kwa sababu ya mafriji, na waliowahi kuonja hasira zake husema jina lilikosea mlango.

“Muache aseme, mwalimu, mwenye mali haambiwi apunguze sauti,” akasema bibi wa yule binti, ajuza aliyekaa ng’ambo ya meza na fundo la kitambaa mapajani, akawa analifungua taratibu, kwa kucha, kisha kwa meno, kisha kwa kucha tena, “nimekuja na laki moja, Fundi, nyingine utanivumilia mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi mwingine, tulipe yaishe, mtoto asome.” Noti zikaanza kutoka, moja moja, zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa chenyewe, na Fundi Baridi akaona raha, haki imepatikana bila polisi, kisha raha yenyewe ikakataa kukaa, kama mlango wa friji wenye mpira uliochakaa, unausukuma, unasikia umefunga, ukigeuka uko wazi, kwa sababu bibi huyu anamjua, ni mteja wake, mwaka juzi alimtengenezea friji na kama kawaida yake akamrudishia kifaa kibovu kwenye mfuko, ndivyo anavyofanya kwa kila mteja, hakufundishwa na mtu, hakusoma chuo, alijifunza kwa kubomoa na kuunganisha, na sheria ya kwanza aliyojitungia ni hiyo, mtu aone kwa macho yake kilichotolewa, asije akasema aliibiwa. “Na kile kichuma chako bado ninacho kabatini,” akasema bibi kana kwamba amesikia, “sijui hata ninakitunzia nini, labda nizikwe nacho,” na mwalimu akacheka kidogo, na Meneja, mtoto wa Fundi, akacheka kidogo, lakini binti hakucheka, binti alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Mara ya tatu hiyo. Fundi Baridi alikuwa amehesabu bila kutaka, mara moja walipoingia, mara ya pili wakati wa risiti, na sasa, ana haraka ya nini mtoto huyu, ana miadi na nani, kuharibu mali ya watu ameharibu na bado anatazama saa kama abiria, mkono wa kulia ameufutika chini ya mkono wa kushoto, hasemi pole, hasemi samahani… na huku kushoto kwake Meneja ametulia, miaka kumi na saba, sare imenyooshwa pasi, viganja juu ya magoti, mtoto mwenye adabu. Jina la Meneja alimpa yeye mwenyewe, siku ile alipomkuta karakana na rula na kalamu nyekundu, anapiga mistari kwenye daftari la kazi, ana miaka kumi na miwili tu, wanagenzi wakubwa wenye ndevu wanamwambia “Meneja, niandikie nimerudi,” na yeye anaangalia saa kwanza, haandiki mpaka ameangalia saa. Mtoto wa namna hiyo unampata wapi. “Kabla hela hii haijapokelewa,” mwalimu alikuwa anasema, “kuna kitu nataka ukione, mzee, na ukishakiona nakuomba usiseme lolote kwa dakika moja, dakika moja tu,” akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari lenye jalada la bluu, akaliweka juu ya risiti.

Na Fundi Baridi, Mungu amsamehe, jambo la kwanza aliloliona ni uzuri wa mistari. Safu sita, zimenyooka kama zimepigwa na mashine, Tarehe, Saa, Alikokwenda, Sababu, Sahihi, Faini, zilezile za karakana, alizozibuni yeye mwaka ule wanagenzi walipozoea kutoka kununua sigara na kurudi baada ya swala mbili, akasema basi, anayetoka aandike, akichelewa alipe, anayetoka bila kuaga ana lake jambo, na kifua kikamjaa, “Kazi ya Meneja hii!” akasema kwa sauti, dakika moja ya mwalimu haijafika hata nusu, “mwandiko wake huu, mwalimu, huyu mtoto tangu…” na jicho likaangukia mstari wa kwanza. Jumatatu. Saa sita na dakika kumi. Chooni. Sababu, alikwenda na rafiki yake, dakika tisa. Faini, mia tano. Akajiuliza ni mwanagenzi gani huyu anayekwenda chooni na rafiki yake. Jumanne, saa saba, maktaba, sababu, amesema kusoma, hakupiga picha kuthibitisha, elfu moja. Mwanagenzi gani anakwenda maktaba, hawa wake hata kitabu cha nyimbo hawajawahi kukishika. Jumatano, saa moja usiku, nyumbani, hakupokea simu mara mbili, amesema alikuwa anamwogesha bibi, elfu mbili. Na sahihi ni ileile mstari hadi mstari, herufi ndogo ya mviringo yenye mkia, ukurasa wa kwanza ina mkia mrefu wa maringo, ukurasa wa tatu mkia umekatika, ukurasa wa tano ni kitone tu, kama mtu aliyechoka kuitwa. Anamwogesha bibi. Akainua macho akamwona bibi anahesabu noti.

Hapana, ngoja. Ngoja kwanza. Hii ni michezo ya watoto, watoto huigiza, yeye mwenyewe utotoni aliwahi kuwa daktari, alimchoma dada yake sindano ya mwiba, sasa ndiyo aitwe muuaji… “Mzee, hiki ndicho tulichokuwa tunakifundisha Alhamisi,” mwalimu akasema, na neno hilo Alhamisi likamwasha upya, Kipindi cha Staha, anakijua, anakijua sana, muhula uliopita kwenye mkutano wa wazazi ni yeye aliyesimama, hakuna mwingine aliyethubutu, akasema mimi nimeleta mtoto asome hesabu, sikumleta asome mapenzi, mnamwonyesha mtoto kiberiti halafu mnamwambia usichome nyumba, watu wakapiga makofi, wengine wakapiga meza, kipindi kikasogezwa mbele muhula mzima, na alipotoka nje wazee watatu walimshika mkono. Raha iliyoje siku ile. Akageuza kurasa nyuma hadi tarehe ya kwanza, si kwamba alitaka kujua, kidole tu kilikwenda, na tarehe ya kwanza ilikuwa wiki moja baada ya mkutano, na akaanza kupiga hesabu ambayo hakuitaka, kama kipindi kingeanza siku iliyopangwa… basi? Kingezuia nini? Kipindi ni kipindi, maneno na chaki. “Tulichora mstari wa chaki sakafuni,” mwalimu alikuwa anaendelea, “ninasoma sentensi, anayekubali anakwenda dirishani, anayekataa anakwenda mlangoni, nikasoma, anayekupenda ana haki ya kujua uliko kila saa. Darasa likagawanyika, kelele, vicheko, unajua watoto. Mjukuu wa bibi alibaki katikati, miguu yote miwili juu ya chaki, nikadhani hajasikia. Halafu akaenda mlangoni.”

Kwa hiyo? alitaka kuuliza, kwa hiyo akitembea hatua tano ndiyo anapata ruhusa ya kutumbukiza simu ya laki tatu na ishirini majini? lakini kidole chake kilikuwa kimeshafika mstari wa mwisho wa daftari, Alhamisi, saa tano na robo, amekwenda mlangoni, na safu ya Sababu iko tupu, na safu ya Sahihi iko tupu, na safu ya Faini imeandikwa elfu mbili, na hapo pembeni karatasi imekwaruzika kama kalamu ilipigwa kwa nguvu ikateleza. “Alimfuata kwenye korido aandike sababu,” mwalimu akasema. “Akakataa kuandika. Mara ya kwanza kukataa.” “Sheria alizikubali mwenyewe,” akasema Meneja, kwa mara ya kwanza tangu waingie, kwa sauti safi, ya heshima, bila kutetemeka, “nilimwambia tangu tulipoanza kupendana, shikamoo bibi, samahani kukukatiza, nilimwambia mimi nataka mtu anayejieleza, akasema sawa, akasaini, kurasa zote hizo alisaini, baba, sikumlazimisha hata siku moja, anayetoka bila kuaga ana lake jambo.” Maneno hayo yakapita mezani, yakafika, na Fundi Baridi akayasikia kama mtu anayesikia sauti yake kwenye kinasa, hii sauti ya nani, mbona nyembamba hivi, mbona haina mzaha, maana yeye anapoyasema huwa kuna mzaha ndani yake, wanagenzi hucheka… hucheka? Yule mrefu hucheka, yule mwingine hutazama chini.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Saa nne na dakika nne. Akaitoa kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna, ujumbe wa mkewe, “Nipo sokoni, nanunua nyanya na sabuni, nitakuwa nyumbani saa tano kasoro,” na kabla hajaurudisha mfukoni ukaingia mwingine, “Samahani kwa kuchelewa kutuma, mikono ilikuwa na vitu.” Dakika nne. Mke wake anamwomba radhi kwa dakika nne. Akausoma tena. Hakumwambia leo atume, hajamwambia mwaka huu wala mwaka jana, ilikuwa zamani, ule mwaka wa wizi mtaani, kwa usalama wake, alimwambia niandikie kila saa ukiwa nje nisiwe na wasiwasi, wasiwasi wenyewe uliisha lini, wezi walishakamatwa, mmoja ameshatoka jela na anauza mitumba, na yeye bado anatuma, na yeye Fundi bado anasoma, kila saa, na saa isipoleta ujumbe haiweki simu chini… lakini hajawahi kumtoza faini! Akalishika hilo kwa mikono miwili. Hajawahi, mke ni mke na si mwanagenzi. Ile ya mwezi wa pili, alipopunguza hela ya matumizi kwa sababu alichelewa kutoka kwa dada yake, ule ulikuwa utani, wote walicheka, mkewe alicheka, Meneja alikuwa mezani anakula, naye alicheka. Mkewe alicheka? Alisema “haya.” Alisema haya, akaondoa sahani. Na hela ile alimrudishia? Lazima alimrudishia. Hakumbuki. Yeye anayekumbuka bei ya kila waya alioununua tangu aanze kazi, hakumbuki. Na hajawahi kumpiga, hilo halina ubishi, muulizeni mtaa mzima, mlango aliwahi kuupiga, mlango, mbao, na akautengeneza mwenyewe.

“Nani?” mwalimu akauliza, kuhusu simu ile, na yeye akasema hakuna mtu, mama watoto tu, yuko sokoni, akasikia alivyosema yuko sokoni, kama mtu anayejaza safu. Friji ikawaka, ikazima. Akapiga kiganja mezani, “Sasa mnataka nini!” na hakukusudia iwe na kishindo kile, meza yenyewe nyepesi, bati chini, noti mbili za bibi zikaruka, na akaona jambo ambalo lingempita kama asingekuwa amekaa ana kwa ana nalo, bibi hakushtuka kwa ajili ya noti, mkono wake wa kizee ulikwenda ubavuni ukamkinga mjukuu kifuani, kama dereva anavyomkinga mtoto akifunga breki, na binti, ili kujizuia asianguke na kiti, akatoa ule mkono alioufutika. Vidole viwili vimefungwa pamoja kwa plasta, katikati kijiti, cha mwisho kimevimba hadi ukucha umezama. Kikakaa juu ya meza sekunde moja, kikarudi chini ya mkono mwingine. Mwanafunzi nje alikuwa anasoma kwa sauti mito na milima. “Hicho kidole,” akasema Fundi Baridi, na hakujua sentensi inakokwenda, “hicho… mlango?” Kwa nini alisema mlango?

“Alikikunja ili nishike kalamu,” binti akasema, si kwake, kwa saa ya ukutani, sauti kavu, “akasema atakikunja mpaka niandike sababu. Nikamwambia sina sababu, nilitaka tu kusimama pale. Simu ilikuwa mfukoni mwake, mkono wangu wa kushoto ulikuwa huru. Ndoo ilikuwepo tu.” Na bibi, noti zimo mkononi, akaanza kusema kwa haraka kama anayeomba msamaha kwa niaba ya wote, “Mimi sikujua, Fundi, mimi nilisema mtoto kateleza, alisema kateleza, na huku nyuma kila siku bibi naomba hela ya chakula, bibi haikutosha, na anakonda, anakula hela na anakonda, nikasema hii ni minyoo, nikamnunulia dawa ya minyoo, mara mbili nimemnywesha, chungu kama nini, akanywa hajasema,” akacheka kicheko kibaya, akajifuta pua na kitambaa cha hela, “kumbe minyoo yenyewe inavaa sare. Lakini tulipe yaishe. Mwalimu, mwandikie tulipe, mimi sitaki makubwa na watu, nimezeeka.”

Hela ya chakula. Fundi Baridi akalitazama daftari tena, sasa chini ya kurasa, ambako mwanawe alikuwa amepiga mistari miwili kwa kalamu nyekundu na kuandika jumla, alimfundisha hivyo, usiache ukurasa bila jumla, elfu nne na mia tano, inahamia ukurasa unaofuata, elfu kumi na moja na mia tano, inahamia, elfu kumi na nane, elfu ishirini na saba, elfu thelathini na nane na mia tano, hajakosea hata mahali pamoja, hesabu safi, na mbele ya kila kiasi kuna alama ya vema, imelipwa, imelipwa, imelipwa, isipokuwa ile ya Alhamisi. Akataka kumgeukia mwanawe amchape kofi, mkono wenyewe ulishaanza kuwa mzito, kofi moja la nguvu, la haki, yaishe, halafu akaona kofi nalo lina jumla chini yake na linahamia ukurasa unaofuata, akauweka mkono juu ya paja, ukakaa pale kama wa mtu mwingine. “Baba,” Meneja akanong’ona, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ya mtoto, haikuwa ya karani, “baba, nimekosea wapi?” Na jambo la kutisha ni kwamba alikuwa anauliza kweli. Alitaka aonyeshwe mstari. Na Fundi Baridi, aliyejua kila friji inakovujia, aliyepaka povu la sabuni kwenye mabomba ya watu akangoja kipovu kiinuke, akatafuta pa kuanzia akaona kila mahali panainuka, karakana, mezani kwake, sokoni kwenye nyanya na sabuni, hata pale mkutanoni kwenye makofi, na yeye hajui kama haya yote ni jambo moja au ni mambo mengi yaliyokutana chumba kimoja, hajui atamwambia nini mkewe, na akimwambia usitume tena si atakuwa amempa amri nyingine, hajui kidole cha mtoto wa watu kinalipwaje, hakina risiti, hakina muhuri, hakuna duka utakalokwenda ukauliza bei yake…

“Mzee,” mwalimu alikuwa anasema, labda kwa mara ya pili, “dakika imeisha. Bibi ameweka laki moja. Unaipokea?” Noti zilikuwa palepale, kati ya risiti na daftari, hakuna mkono uliozigusa, bibi anamtazama, mwanawe anamtazama, binti anatazama saa. Hakujua jibu hata moja kati ya yale yote. Lakini jumla aliijua, alikuwa ameshaipiga kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na elfu mbili ya Alhamisi, isiyolipwa, akaitoa. Akamgeukia Meneja, na sauti iliyotoka haikufika hata dirishani.

“Elfu thelathini na sita na mia tano. Mrudishie.”